Nani Aliwaambia Hawa Ni Watani? Barua ya Wazi kwa Baraza la Kriketi la Kimataifa

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, Dubai.

Waheshimiwa,

Usiku wa Septemba 14, 2025, katika uwanja ulio jirani kabisa na ofisi zenu, Suryakumar Yadav wa India aliupiga mpira ukaruka kamba, mchezo ukaisha. India ilikuwa imeishinda Pakistan kwa wiketi 7 katika Kombe la Asia. Yadav na mwenzake Shivam Dube wakageuka na kuondoka. Wapakistani walibaki uwanjani wakingoja kupeana mikono kama ilivyo ada, na hakuna aliyewajia. Walipousogelea upande wa wenzao, waliukuta mlango wa chumba umefungwa. Hata mapema jioni ile, wakati wa kurusha shilingi, Yadav na nahodha wa Pakistan, Salman Agha, walisimama hatua chache baina yao bila kugusana viganja.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mwandishi wa barua hii. Pakistan ililalamika kwamba refa wa mechi, Andy Pycroft wa Zimbabwe, ndiye aliyemnong'oneza Agha asitarajie mkono, ikataka refa huyo aondolewe, na siku tatu baadaye mechi yake na Umoja wa Falme za Kiarabu ikachelewa kuanza kwa saa nzima. Septemba 28 timu hizo mbili zikakutana fainali. India ikashinda, kisha ikakataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, ambaye ni rais wa Baraza la Kriketi la Asia, mwenyekiti wa bodi ya Pakistan na waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo, vyeo vitatu kichwa kimoja. Sherehe ilisubiri zaidi ya saa moja. Kombe likaondolewa uwanjani. Mabingwa wakainua hewa juu ya vichwa vyao, wakapigwa picha.

Hakuna haja ya kuubeza msiba uliokuwa nyuma ya haya yote. Watu 26, karibu wote watalii, waliuawa kwa risasi Pahalgam, Kashmir, Aprili 22 mwaka huo, na mwezi Mei majirani hao, India na Pakistan, wakarushiana makombora kwa siku nne. Yadav alisema timu yake imesimama pamoja na familia za waliouawa. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, msibani ndipo mtu anapopewa mkono kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo kumnyima mtu mkono kwa ajili ya marehemu ni jambo linalompa Mswahili kazi kulielewa. Lakini kila jamii ina desturi yake ya kuomboleza, na mwandishi hataki kuwafundisha wengine namna ya kulia.

Kilichomkalisha kuandika ni namna Baraza lilivyojibu. Yadav alikatwa asilimia 30 ya malipo ya mechi kwa kauli aliyoitoa baada ya ushindi. Haris Rauf wa Pakistan, aliyewaonyesha mashabiki wa India ishara za ndege zikianguka, naye akakatwa asilimia 30. Sahibzada Farhan, aliyeligeuza gongo lake kuwa bunduki baada ya kufikisha mikimbio 50, akaonywa. Hesabu zikakaribiana, jalada likafungwa. Utadhani ni mwalimu wa zamu aliyekuta ugomvi wa madarasa mawili akawachapa wote kiboko kimoja kimoja ili arudi kunywa chai.

Shida, waheshimiwa, ni kwamba mnasimamia mchezo ambao kitabu chake cha sheria kinafunguliwa kwa maneno kuhusu moyo wa kriketi. Utangulizi huo uliingizwa mwaka 2000, na wazo lake kuu ni kwamba mchezaji ashike sheria na pia aheshimu moyo wa mchezo. Ni maneno mazuri. Ila moyo huo unapigia kifua cha nani? Klabu ya Marylebone ya London ndiyo inayoandika Sheria za Kriketi mpaka leo, na Baraza lenyewe lilizaliwa mwaka 1909 likiwa na wanachama watatu tu, England, Australia na Afrika Kusini, na neno la dola ya Kiingereza likiwa kwenye jina lake. Leo wachezaji wanatoka Karachi, Bridgetown, Colombo, Kabul, Kampala. Mnawaambia wote waheshimu mpaka ambao kwao haukuwahi kuchorwa.

Chukueni suala la maneno ya uwanjani. Kriketi ina tabia ya kumsemesha mpigaji ili apoteze mawazo. Kiswahili hakina jina maalumu la jambo hilo, ila vijembe ndilo neno lililo karibu. Waaustralia wamelifanya kuwa sanaa, na kwa miaka mingi wamekuwa wakieleza kwamba wao hucheza kwa ukali bila kuvuka mstari. Mstari wenyewe haujaandikwa popote. Umo vichwani mwao.

Tanzania kuna kitu kinaitwa utani, na si mzaha wa kila mtu na kila mtu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani; asili yake husimuliwa kuwa ni misafara ya zamani ya kutoka bara kuja pwani. Mngoni na Mhehe ni watani, na hao walimwagana damu vibaya katika karne ya 19 kabla ya kufika huko. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe. Anaweza kuja msibani kwako, akalizuia jeneza mpaka atolewe kitu kidogo, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayekwenda polisi. Lakini mtu asiye mtani akitamka maneno yale yale, hayo ni matusi, na kesi itafika kwa wazee kabla ya jua kuzama. Utani una mipaka ya nani kwa nani, na una deni pia: yule anayekutukana kwa utani ndiye anayepaswa kufika mapema siku ya msiba, kushika jembe, kupika, na kuwachekesha wanao usiku wa matanga.

Kriketi ya kimataifa imechukua maneno ya utani ikaacha undugu wake.

Hakuna tukio linaloonyesha hivyo vizuri kuliko Sydney, Januari 2008. Harbhajan Singh, Kalasinga kutoka Punjab, alikuwa akipiga upande mmoja na Sachin Tendulkar upande wa pili. Brett Lee wa Australia alimrushia mpira mzuri. Harbhajan, katika kupishana, akamgusa Lee makalioni kwa gongo, kama kumwambia: hapo umenipatia. Lee hakuona tatizo. Mwenzake, Andrew Symonds, ndiye aliyeona. Kwake, mpinzani hakuwa na ruhusa ya kuleta urafiki katikati ya mechi ya Testi, ile ya siku tano, akamfuata Harbhajan kwa maneno, na Harbhajan akajibu. Waaustralia wakasema jibu hilo lilikuwa ni kumwita Symonds tumbili. Refa Mike Procter akamfungia Harbhajan mechi 3. Wahindi wakatishia kuivunja ziara. Mwamuzi Steve Bucknor, ambaye katika mechi hiyo hiyo alikosea maamuzi yaliyowaumiza, akaondolewa kwenye mechi iliyofuata.

Symonds alikuwa na haki ya kulisikia neno hilo kwa uchungu. Mzazi wake mmoja wa damu alikuwa na asili ya Karibea, na miezi mitatu tu kabla ya hapo, katika viwanja vya Vadodara na Mumbai, baadhi ya watazamaji walikuwa wamemtolea milio ya tumbili. Wapo waliomtetea Harbhajan kwa hoja kwamba India tumbili si tusi, kwani Hanuman, mungu mwenye sura ya tumbili, huabudiwa. Hoja hiyo haisimami. Wale wa Vadodara hawakuwa wakisali.

Rufaa ilisikilizwa Adelaide na Jaji John Hansen wa New Zealand. Utetezi ukaeleza kwamba Harbhajan hakusema tumbili kabisa. Alisema maneno ya Kihindi yanayofanana nalo kwa sauti: alimtukania Symonds mama yake. Jaji hakuona ushahidi wa kutosha wa ubaguzi wa rangi, kosa likashushwa ngazi, Harbhajan akatozwa nusu ya malipo ya mechi.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoweka gazeti chini. Mtu anajinasua kwa kusema, la hasha, sikumwita mwenzangu mnyama, nilimtukania mama tu! Katika mtaa wowote wa Mombasa au Tanga, hilo la pili ndilo lingevunja viti. Hata watani, kwa ruhusa zao zote, hulikwepa tusi la mama kwa namna walivyolelewa. Na huko Punjab si jepesi pia, ingawa vijana hulitupa hovyo. Lakini katika jedwali la makosa la Baraza, tusi la mama lilitokea kuwa mlango wa kutokea. Mwandishi hasemi Jaji alikosea. Alihukumu kwa kipimo alichopewa. Kipimo chenyewe ndicho kilichokatwa kwenye duka moja.

Jaji aligusia jambo jingine ambalo halikupewa uzito uliostahili. Alisema kama kweli Symonds anaamini kwamba mpinzani haruhusiwi kuonyesha urafiki kwenye mechi ya Testi, basi anatumaini imani hiyo si ya wachezaji wote. Kumbe ugomvi mzima ulianza na utani wa Harbhajan kwa mtu aliyekubali, ukasikiwa na mtu ambaye hakuukubali.

Baada ya mechi hiyo, nahodha wa India Anil Kumble aliwaambia waandishi wa habari kwamba ni timu moja tu iliyocheza kwa moyo wa kriketi. Wazee wa Australia lazima walishtuka, kwa sababu sentensi hiyo, kwa maana yake, ilikuwa yao. Januari 1933, mjini Adelaide, nahodha wa Australia Bill Woodfull, aliyekuwa amegongwa kifuani na mpira wa Harold Larwood, alimwambia meneja wa England kwamba uwanjani kuna timu mbili, na ni moja tu inayocheza kriketi. Miaka 75 baadaye mkuki wao ukarudi kwa mwenyewe.

Kisa cha 1933 kinastahili kukumbukwa kwa namna kilivyoisha, maana lile la kurusha mpira kuelekea mwili wa mpigaji linasimuliwa kila mwaka. Aliyeutunga mpango ni nahodha Douglas Jardine, mtu wa Oxford. Aliyeutekeleza ni Larwood, kijana wa machimbo ya makaa ya mawe huko Nottinghamshire. England ikashinda 4 kwa 1, malalamiko yakafika serikalini, na ulipofika wakati wa kuomba radhi, aliyetakiwa kuomba ni mchimba makaa. Larwood akakataa, na hakuichezea England tena. Mwaka 1950 alihamia Australia na familia yake. Nchi aliyoipiga kwa mipira ndiyo iliyompokea, akaishi Sydney hadi kufa kwake mwaka 1995. Hapo Mngoni na Mhehe wangeelewana naye bila mkalimani.

Mtu anaweza kudhani tofauti hizi ni za weusi na weupe, au Mashariki na Magharibi. Basi na aende uwanja wa Lord's, London, Julai 2, 2023. Jonny Bairstow wa England aliinama mpira ukapita, akadhani ova, yaani zamu ya mipira 6, imekwisha, akatoka kwenye mstari wake kwenda kuzungumza na mwenzake. Alex Carey wa Australia alikuwa ameshautupa mpira kwenye wiketi. Bairstow ametoka, kwa sheria isiyo na shaka hata chembe. Uwanja ulizomea siku nzima. Mawaziri wakuu wa nchi zote mbili wakajitosa. Katika ukumbi wa klabu, wanachama wenye tai zao walisimama na kuwatolea Waaustralia maneno wakati wanapita kwenda kula, na baadaye watatu kati yao wakasimamishwa uanachama. Hao ni wanachama wa klabu ile ile inayoandika Sheria na kuuhubiri moyo wa mchezo.

Kocha wa England, Brendon McCullum, alisema hadhani kama watakunywa bia na Waaustralia siku za karibuni. McCullum huyo huyo, Desemba 2006 mjini Christchurch akiwa mlinda wiketi wa New Zealand, alimtoa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka ambaye alikuwa ametoka kwenye mstari kwenda kumpongeza Kumar Sangakkara kwa kufikisha mikimbio 100. Alikuja kuomba radhi hadharani, karibu miaka 10 baadaye, papo hapo Lord's. Mwandishi hamtaji ili kumcheka. Ni binadamu wa kawaida ambaye mstari wake ulihama kadiri umri na jezi vilivyobadilika, na ndiyo maana si busara kuitegemea mistari ya vichwani.

Kuna na lile la mpigaji aliyesimama upande wa mrushaji, anayeibia hatua kabla mpira haujarushwa, na mrushaji akageuka kumtoa. Kwa Waingereza wengi huo ni wizi wa mchana. Kwa Wahindi wengi, mwizi ni yule aliyeiba hatua. Kitendo hicho kimebebeshwa jina la Vinoo Mankad, Mhindi aliyemtoa Bill Brown hivyo huko Sydney mwaka 1947, ingawa nahodha wa Brown mwenyewe, Don Bradman, alimtetea Mankad. Septemba 2022 Deepti Sharma wa India alipomtoa Charlie Dean wa England kwa njia hiyo pale Lord's na mechi ikaishia hapo, England nzima ilijaa huzuni, ilhali klabu ya Marylebone ilikuwa imeshatangaza tangu Machi kwamba kitendo hicho kinahamishwa kutoka sura ya mchezo usio wa haki na kuwekwa pamoja na njia nyingine za kumtoa mtu mbioni. Mwaka 1987 mjini Lahore, Courtney Walsh wa West Indies alifanya kinyume: alisimama, akamwacha Saleem Jaffar arudi kwenye mstari, na Pakistan ikachukua mikimbio iliyobaki ikashinda. West Indies haikufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Walsh anasifiwa hadi leo, na anastahili. Deepti hastahili kulaumiwa. Mambo haya mawili yanakaa pamoja bila kugombana, mradi mtu asiulizwe achague moja liwe ndilo moyo wa kriketi.

Baraza linapoamua kuacha mahubiri na kutengeneza chombo, huweza. Kwa miongo mingi kila nchi ilichezeshwa na waamuzi wa nyumbani, na kila ziara ilirudi na malalamiko. Desemba 1987 huko Faisalabad nahodha wa England, Mike Gatting, alinyoosheana vidole na mwamuzi Shakoor Rana mpaka siku nzima ya mchezo ikapotea, na Gatting akaandika radhi kwa mkono kwenye kipande cha karatasi. Lakini mwaka mmoja kabla, Pakistan chini ya Imran Khan ilikuwa imeshaonyesha njia. Ilipoikaribisha West Indies mjini Lahore, iliita waamuzi wawili kutoka nje. Kutoka India, waheshimiwa: V. K. Ramaswamy na Piloo Reporter. Katika miaka ya 1990 nanyi mkaufuata mfano huo, na tangu 2002 waamuzi wote wawili wa uwanjani katika Testi wakawa wa nchi nyingine. Kelele za wizi wa waamuzi hazikwisha, ila zilipungua sana.

Afrika Mashariki ilikuwa na dawa yake. Nairobi, Agosti 2006, Kenya ikicheza na Bangladesh, mwamuzi Subhash Modi aliinua kidole kumtoa mpigaji ambaye mguu wake ulikuwa umeukinga mpira usifike kwenye wiketi. Mpigaji alikuwa Hitesh Modi, mwanawe wa kumzaa. Hitesh akatoka. Chakula cha usiku ule nyumbani kwao kilikuwaje, historia haisemi.

Kwa vile jina la Kenya limeingia, mwandishi anaomba dakika moja. Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ilikuwa na Wajaluo, Wagujarati na Waislamu wa Mombasa katika chumba kimoja, na kocha wao Sandeep Patil alitoka Mumbai. Sri Lanka ilifungwa Nairobi kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5. Ni kweli pia kwamba alama nyingine walizipata bure pale New Zealand ilipokataa kusafiri kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, na Wakenya hawapendi sana kulikumbusha hilo. Siku ya Durban, Aasif Karim, mwana wa Mombasa aliyekuwa ameshastaafu na kuombwa arudi, aliwarushia Waaustralia ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na kuondoa wapigaji watatu, akiwemo Ricky Ponting. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Karim. Wachezaji wale walitaniana kwa Kiswahili, kwa Kigujarati na kwa Kijaluo, na walijua nani anamwambia nani nini.

Tukirudi kwa majirani wawili wa Kombe la Asia: hawakuzaliwa wakinyimana mikono. Januari 1999 watu walikuwa wameuchimbua uwanja wa Delhi ili Pakistan isicheze huko. Mwisho wa mwezi huo huo, mjini Chennai, Tendulkar alipiga mikimbio 136 huku mgongo ukimuuma, akatoka, na India ikashindwa kwa mikimbio 12 tu. Kimya kikatanda. Kisha watazamaji wa Chennai wakasimama na kuwapigia makofi Wapakistani, na Wasim Akram akawaongoza wenzake kuuzunguka uwanja mzima wakipunga mikono. Miezi michache baadaye vita vya Kargil vikaanza, na vita vikiendelea timu hizo zikakutana Manchester katika Kombe la Dunia. Mwaka 2004 Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliiaga timu ya India iliyokuwa ikienda Pakistan akiitaka ikashinde mioyo pamoja na mechi, na maelfu ya mashabiki wa India wakavuka mpaka kuifuata.

Leo India na Pakistan hazijacheza Testi tangu Desemba 2007, wala ziara yoyote ya wao kwa wao tangu mwanzoni mwa 2013. Hukutana kwenye mashindano tu. Na katika mashindano yenu, mwaka baada ya mwaka, hujikuta kundi moja. Kura hiyo isiyokosea ina utaalamu gani? Kila mtu anajua jibu: televisheni hulipa fedha nyingi kwa mechi hiyo kuliko nyingine yoyote. Mnauza uhasama kwa bei ya juu, kisha mnawakata wachezaji asilimia 30 kwa kuwa na uhasama. Na Oktoba 5, 2025, wiki moja tu baada ya kombe la hewani, manahodha Harmanpreet Kaur wa India na Fatima Sana wa Pakistan wakasimama Colombo kwenye Kombe la Dunia la wanawake, shilingi ikarushwa, na mikono ikabaki mifukoni. Safari hii mliipanga ninyi wenyewe.

Mwandishi hawaombi mtunge sheria ya kupeana mikono. Mkono wa kulazimishwa ni kama salamu ya mtoto aliyefinywa na mama yake mbele ya wageni. Anachoomba ni kikao. Kabla ya kila mashindano, manahodha na makocha waketi na refa, mkalimani akiwepo, na kila upande useme wazi kipi kwao hakiguswi: mama, dini, rangi, wafu, vita vilivyopo. Waseme kama mtu anayeiba hatua atatolewa bila onyo au ataonywa kwanza. Waseme kama mikono itapeanwa, na kama haitapeanwa, hilo litangazwe mapema na mdomo wa mwenye uamuzi, lisinong'onezwe na refa dakika chache kabla ya shilingi. Waliyoyakubali yaandikwe, na atakayeyavunja aadhibiwe kwa neno lake mwenyewe. Timu ambazo haziwezi hata kuketi zisipangwe kundi moja kwa makusudi. Zikikutana kwa nguvu zao nusu fainali, sawa.

Mtauliza kama kwa watani mambo huwa shwari. La. Machi 8, 2025, mechi ya Simba na Yanga, watani wa jadi wa Dar es Salaam, iliahirishwa saa chache kabla ya kuanza, kwa sababu ya mzozo wa nani aingie uwanjani kufanya mazoezi, na ikachezwa Juni 25. Katikati ya miezi hiyo watu walitukanana vya kutosha kujaza kamusi. Lakini mwana-Yanga aliyefiwa na baba yake katika kipindi hicho alimkuta jirani yake wa Simba ameshafika na sufuria.

Symonds na Harbhajan nao waliishia kuvaa jezi moja, ya Mumbai Indians, mwaka 2011. Symonds alipofariki kwa ajali ya gari Mei 2022, Harbhajan alikuwa miongoni mwa waliomlilia hadharani. Miaka mitatu kutoka Sydney hadi Mumbai ni muda mrefu kwa jambo ambalo kikao cha nusu saa kingeweza kulianza.

Mwandishi anasubiri jibu lenu. Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili makusudi, na Dubai mna Waswahili wa kutosha, wa Unguja, wa Mombasa na wa Oman. Mtu wa kuwasomea hamtamkosa, hata kama itabidi ateremke kutoka orofa ya juu ya ofisi yenu hadi kwenye mkahawa wa karibu.